Kimya cha Mkaguzi wa Mizani

17 Januari 1993

Mdogo wangu Kalamu,

Sisi huku tumo, kila mtu na kilema chake. Shemeji yako karudi safari jana. Lori lake zima kabisa, yeye ndiye wa kupelekwa gereji, mgongo umekataa. Wifi yangu msalimie. Mapacha nao waambie shangazi yao anawakumbuka, ila hajui wamefikia kimo gani, maana ile picha uliyoahidi nadhani inakuja kwa miguu.

Kiwanda changu kinakwenda. Mwaka jana nilikuandikia kwamba nimeongeza mashine ya tatu ya kutotolesha vifaranga. Hukusema kitu, nikajisemea labda barua ilipotea. Basi narudia: mashine ni tatu, na mwezi wa Desemba, katika kila mayai mia niliyoingiza, vifaranga themanini na mmoja walitoka wazima. Wale wakubwa wa mjini, wenye wataalamu wa makoti meupe, wanapata sabini na tano wakibahatika. Nakwambia ujue tu, si kwamba najisifu. Haya, najisifu.

Neno lenyewe ni hili. Mpwa wako amemaliza shule na amefaulu vizuri. Unamkumbuka, ulimwacha akiwa kwenye kanga, macho yamejaa uso mzima. Siku hizi tunamwita Kurunzi, kwa sababu ya hayo macho na kwa sababu yeye ndiye anayepima mayai yangu kwa taa. Anataka kusomea udaktari wa mifugo. Kuna chuo kina nafasi tatu za kulipiwa kila kitu, na wanaomba kila mtoto awaandikie barua kwa mkono wake, ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, aeleze kwa nini achukuliwe yeye. Lazima iwe imewafikia tarehe 30 Juni.

Kiingereza changu unakijua, kiliishia kidato cha pili. Kwa nini kiliishia hapo unajua pia, na leo silisemi. Wewe unalipwa kwa kukaa na maneno ya watu ukiyapekua kama unatafuta chawa. Mpekulie na mpwa wako. Barua yake nimeikunja humu ndani. Nimemwambia haitoki nyumba hii mpaka mjomba wake aseme.

Dada yako

*

21 Februari 1993

Dada mpendwa,

Barua yako nimeipata Alhamisi, nikaisomea jikoni huku mapacha wakigombania stempu. Wote hatujambo. Wifi yako amebadilishiwa zamu hospitalini, kwa hiyo siku hizi tunapishana mlangoni kama walinzi. Pole kwa mgongo wa shemeji, mwambie asilalie godoro laini. Picha inakuja, kweli.

Nimecheka uliposema chawa. Hujui ulivyolenga. Ofisi yetu inatengeneza kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, na kila mtu kapewa maneno yake. Mimi nimepewa kitenzi kimoja, "look", kutazama, pamoja na vijineno vinavyokifuata. Huu mwaka wa pili niko nacho. Wenzangu wananiita Bwana Macho. Usidhani ni kazi ndogo. Kitenzi chenyewe ni hicho hicho, lakini ukikifuatisha "at" unakitazama kitu, "for" unakitafuta, "after" unakilea, "over" unakipitia haraka, na "into" unakichunguza, kama polisi anavyochunguza wizi. Mgeni akikosea kijineno, Mwingereza anamwelewa, ila anajua papo hapo kwamba ni mgeni.

Sasa mpwa wangu ameanza hivi: "I look into eggs." Mtu akisoma hapo atadhani mayai yameiba. Mwambie mayai hayana kesi. Aandike "examine", kuchunguza, ambalo halihitaji kijineno chochote nyuma yake, linajitegemea. Mengine nimeyatia wino mwekundu, asiogope, ni kwa faida yake. Arekebishe, anitumie tena.

Nilipokuwa natia alama nilimkumbuka baba. Kutwa anakagua mizani ya wenye maduka, akirudi nyumbani anatukagua sisi. Unakumbuka ripoti za shule? Ikiwa na kosa anakuita, unasimama hadi miguu inakufa ganzi. Ukikuta imerudi mezani kimya, bila neno, umefaulu. Tulivyokuwa tunakimbilia ile meza! Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yetu.

Halafu, themanini na mmoja kwa mia? Na hao kumi na tisa umewapeleka wapi?

Mdogo wako

*

15 Machi 1993

Kalamu,

Hatujambo. Mvua imeng'oa bati mbili za stoo, tumezirudisha. Mgongo wa shemeji yako umekubali ushauri wako wa godoro, sasa analala chini na mimi nalala kwa raha juu peke yangu, ahsante.

Hao kumi na tisa: mayai kumi yalikuwa matupu tangu kwa kuku, manne yalifia njiani, na vifaranga watano walishindwa kutoboa ganda. Ulikuwa unauliza au ulikuwa unatania? Maana hayo ni maneno ya baba, hujabadilisha hata sauti. Mia ukimpa tisini na nane, anauliza mbili umempa nani. Umekuwa baba mtupu, umekosa tu lile begi lake la mawe ya kupimia.

Nilimsomea Kurunzi sehemu yako ya kesi. Alikuwa anaosha trei. Akaniuliza, "Mama, mjomba amewahi kuingia chumba cha giza?"

"Hajawahi. Alipoondoka nilikuwa bado natumia kuku wenyewe."

"Basi mwambie mayai yana kesi. Kila moja. Lina uhai au halina, na hakimu ni mimi."

"Mwenyewe kasema Mwingereza atacheka."

"Acheke. Anayelitazama yai anaona ganda, Mama, mimi natazama ndani yake. Na maganda yote ni sawa."

Nikuelezee nawe uone. Tunafunga madirisha kwa blanketi. Taa iko ndani ya kopo, kopo lina tundu. Unaliweka yai kwenye tundu, linageuka kama limewashwa. Likiwa tupu, ni mwanga mtupu. Likiwa na uhai, siku ya saba unaona mishipa imetambaa kama mizizi, na katikati kuna doa linarukaruka. Yule mtoto anaweza kuliona doa hilo kabla mimi sijavaa miwani.

Tunapima mara mbili tu, siku ya saba na siku ya kumi na nne. Siku tatu za mwisho mashine haifunguliwi hata akija rais. Nilipoanza sikujua. Nilikuwa nayatoa kila siku kuyatazama, kwa hamu, naona ndiyo kuyajali. Nusu hawakutoka. Yalikuwa yanapoa mikononi mwangu.

Barua ya pili hiyo. Wino wako mwekundu amekubali wote, isipokuwa ile sentensi ya kwanza.

Dada yako

*

12 Aprili 1993

Dada,

Hatimaye picha. Mrefu ni Kulwa, aliyenuna ni Doto, na pale chini ni kivuli changu, mimi ndiye mpiga picha. Walipata tetekuwanga wote kwa pamoja, ndiyo maana hiyo mikwaruzo. Wifi yako anakusalimu na anauliza kama ile dawa ya mgongo aliyomtumia shemeji ilifika.

Kurunzi ameendelea sana, safari hii alama ni chache. Aya ya tatu aikate nusu, anasema jambo moja mara mbili. Lakini mwanzo bado, Dada. Ni mkaidi kama mtu fulani ninayemjua. Msomaji wa chuo ana barua mia za kupitia, akianza kwa kukunja uso atamaliza kwa kukunja uso. Aandike "examine", tumalize.

Na mimi nakunjiwa uso huku. Mhariri mkuu amenirudishia kurasa zangu mara ya tatu. Kila nikidhani nimekimaliza kile kitenzi anakuta pengo. Juzi kanambia mifano yangu haina mtu ndani yake. Sijaelewa alitaka nini.

Akisharekebisha anitumie, niitazame mara ya mwisho.

Mdogo wako

*

3 Mei 1993

Kalamu,

Mapacha wazuri. Doto kachukua mdomo wa baba. Dawa ilifika, mgongo umepona, godoro nimenyang'anywa.

Barua ya tatu hii hapa. Kaikata aya uliyosema. Kabadilisha kila kitu, mwanzo kauacha. Nimemsihi, kakataa, na mimi nimechoka kuwa tarishi kati ya wakaidi wawili.

Sasa tupige hesabu. Barua zetu huchukua wiki tatu kufika. Hii utaipata mwishoni mwa Mei. Ukijibu wiki hiyo hiyo, jibu litanifikia katikati ya Juni. Kutoka hapa mpaka chuoni ni siku nne, tuseme sita kwa uvivu wa watu. Nafasi ipo, ila si ya kuchezea. Hapatakuwa na barua ya nne.

Haihitaji kurasa. Neno moja, hata kwenye kadi. Ukisema itume, siku hiyo hiyo atapanda baiskeli, nakala safi tayari iko kwenye bahasha.

Mwezi uliopita tumetoa themanini na watatu kwa mia.

Dada yako

*

11 Julai 1993

Kalamu,

Salamu zitakuja na barua nyingine.

Tarehe 30 imepita. Kuanzia tarehe 10 ya mwezi wa sita Kurunzi alikuwa anakwenda posta kila asubuhi, hadi karani wa pale akawa anamtikisia kichwa toka mbali, kumpunguzia ngazi. Tarehe 22 shemeji yako akasema, "Ipelekeni barua ya huyu mtoto, mnangoja nini?" Nikamjibu tulishakubaliana, mjomba wake aseme kwanza. Kurunzi mwenyewe akasema, "Baba, mjomba hawezi kunyamaza bila sababu. Lazima ameona kosa kubwa, anatafuta namna ya kuniambia." Tarehe 24 nayo ikapita, ile ya mwisho ya kutuma.

Tarehe mosi ya mwezi huu aliichukua bahasha, akaitia chini ya trei za zamani, akaingia chumba cha giza kupima mayai. Nilisimama nje ya blanketi. Sikumsikia akilia. Alipotoka, hakuwa amevunja hata moja.

Umempima mtoto mara tatu kwa taa, ukaacha mlango wazi ukaenda zako.

Baba alipolala kitandani miezi minne nilikuandikia barua sita. Ulijibu moja, baada ya kuzikwa. Hilo nilikuwa nimelifungia. Umelifungua mwenyewe.

Kama ulikuwa mgonjwa, niambie nipate kuomba radhi.

Dada yako

*

4 Agosti 1993

Dada yangu,

Sikuwa mgonjwa. Ningependa kukwambia nilikuwa mgonjwa.

Barua ya Kurunzi niliipata tarehe 25 Mei. Niliifungulia mlangoni, koti mwilini. Nikaisoma mara moja, nikaenda kuchukua kalamu nyekundu, nikakaa nayo mezani. Sikuona pa kuiweka. Ile sentensi niliyoikataa tangu Februari ndiyo iliyonishika mkono ikaniingiza ndani. Nilipofika chini ya ukurasa nilikuwa nimesimama kwenye chumba chenu, nimeliona doa. Kama ningeifuta, ukurasa mzima ungebaki maganda. Nikaifunika kalamu. Nikaibandika barua yake kwenye kabati la jikoni, mapacha wanapokunywa chai. Bado iko pale.

Na sikuandika kitu.

Dada, sikuacha kwa kusahau. Niliona nimeshajibu. Kosa likiwepo nasema, kosa lisipokuwepo nanyamaza, hivyo ndivyo nilivyolelewa na sijawahi kujiuliza. Wiki zote za mwezi wa sita nilikuwa nimetulia kabisa, nikijua barua imekwenda. Nilikuwa nangoja mniandikie kwamba amepata. Nilishamnunulia na koti jeupe.

Yule mtoto hakumjua babu yake. Wakati baba anafariki alikuwa na miaka mitatu. Nani angemwambia kwamba katika ukoo wetu kimya ni sherehe? Hilo sikuliwaza hata dakika moja.

Leo nimewaandikia chuo kujieleza na kuwaomba. Nakala nimeiweka humu.

Kuhusu ugonjwa wa baba, nilikuwa naanza barua na kuzichana. Kila nikiandika moja, naona baba ataikagua.

Mdogo wako

*

29 Agosti 1993

Mdogo wangu,

Hatujambo. Shemeji yako yuko safarini. Wifi na watoto wasalimie.

Chuo kimejibu, mistari miwili. Nafasi zimejaa, mwombaji anakaribishwa mwakani.

Nilikuwa nimekuandalia barua ya kukuvua nguo. Nimeianza mara nyingi wiki hii, kila nikifika mahali fulani kalamu inagoma. Basi nikufikishe hapo mahali.

Ile tarehe 22, shemeji yako aliposema ipelekeni, mimi nilijua. Nilikuwa nimejua tangu wiki ya kabla. Nimekaa na baba miaka mingi kuliko wewe, na mwisho wake nimemshika mimi. Ingekuwa na kosa ungeniandikia kurasa tatu na mchoro. Jinsi ulivyonyamaza, nikasema peke yangu kule stoo: karatasi imerudi mezani. Nilicheka hata.

Ningeweza kutoka nje nikamwambia mtoto, "Tuma, mjomba wako amekubali." Maneno manne. Baiskeli ilikuwa pale ukutani, na upepo nilikuwa nimeutia mimi mwenyewe.

Sikutoka. Nilitaka uyaandike wewe. Nimekuandikia mashine ya tatu, ukanyamaza. Nimekuandikia themanini na mmoja, ukaniuliza kumi na tisa. Nikasema safari hii sikusaidii kusema. Kimetoka kitu kizuri nyumbani kwangu, amekilea nani unajua, na utakisema kwa wino wako nikione. Kila siku nikawa najiambia kesho itafika. Mimi, ninayejua barua inatembea siku ngapi.

Kwa hiyo niliyekuwa namngoja ni wewe, na niliyemweka kwenye mizani ni yeye.

Yeye anadhani ni posta. Kanambia, "Mjomba aliandika, Mama, ilipotea tu." Nikanyamaza. Unaona? Usimwandikie hili. Nitamwambia mwenyewe.

Dada yako

*

10 Oktoba 1993

Dada yangu,

Barua yako imekaa mfukoni mwangu hata imeanza kukatika kwenye mikunjo. Wifi yako ameniuliza ni ya nani, nikampa asome. Akasema, "Nyie wawili mngekuwa wagonjwa wangu ningewalaza kitanda kimoja." Kisha akaenda zamu.

Acha niandike yaliyotakiwa kuandikwa zamani. Themanini na mmoja kwa mia ni vizuri sana. Themanini na watatu ni vizuri zaidi. Mashine ya tatu niliisoma, barua haikupotea. Nilifurahi siku nzima, nikawasimulia watu ofisini, nikaona yatosha.

Na hili. Baba alipofukuzwa kazi kwa kukataa kuipitisha mizani ya yule tajiri, akasema ana uwezo wa kumwacha shuleni mtoto mmoja. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza darasani. Ulitoka wewe. Kila kijineno ninachokijua kilianzia kwenye mayai uliyokuwa unauza ili mimi nisome. Nimekaa miaka ishirini na zaidi nikidhani unajua kwamba najua. Nikiliona hapa kwenye karatasi ni fupi mno.

Kule kwenye kamusi, chini ya "look into", nimetoa mfano wangu wa polisi nikaweka sentensi ya Kurunzi. Nimeipeleka kwa mhariri mkuu wiki tatu zilizopita. Hajasema kitu.

Chuo kitafungua tena mwezi wa kwanza. Mwambie anitumie barua yake mapema. Nitaijibu siku ile ile, bila kuvua koti.

Mdogo wako

*

23 Januari 1994

Mdogo wangu Kalamu,

Mwaka umetukuta salama. Shemeji yako ameuza lori, amehamia kwenye kiwanda changu kama fundi na anasumbua kuliko mashine. Koti jeupe limefika, mikono mirefu kidogo, anavaa akiosha trei. Anasema ahsante na atakuandikia. Hajasema lini na sikumuuliza.

Nilimwambia mwezi wa kumi na moja. Nilimwambia yote, ya baba, ya ile meza, ya tarehe 22. Alikuwa anapanga mayai, akaendelea kupanga. Alipomaliza trei akaniuliza, "Kwa hiyo ulikuwa unajua nikienda posta?" Nikasema ndiyo. "Kila siku?" Nikasema ndiyo. Akaichukua trei akaingia ndani. Hatujagombana. Shikamoo napewa, chakula tunakula sahani moja. Ila zamani akimaliza kupima alikuwa ananiita nikaone. Siku hizi ananiletea hesabu tu, na hesabu zake ni sahihi.

Kuhusu barua ya mwaka huu, umechelewa, na mimi nimechelewa. Ameshaituma. Niliona tu baiskeli haipo. Wewe hujaiona, mimi sijaiona, ameanzaje hatujui. Watajibu mwezi wa saba.

Huyo mhariri mkuu wako kamuulize. Usikae hapo ukidhani. Gonga mlango, useme, "Bosi, ile sentensi vipi?" Akikataa amekataa, utakuwa umesikia kwa masikio yako.

Juzi nilitoa zile trei za zamani nizipige brashi, nikaikuta ile bahasha ya mwaka jana. Nikashtuka, maana mimi barua hiyo nimeibeba, nimeituma, nimeigombania, na sikuwahi kujua inasema nini. Nikampelekea kwenye chumba cha giza, nikamwomba anisomee kwa lugha yetu. Nilidhani atakataa. Aliisogeza kwenye taa ya kopo akasoma taratibu, akitafuta maneno. Inaanza na yai, halafu yumo mwanamke amesimama gizani mbele ya taa, anahesabu kwa sauti ndogo ili asimwamshe mtoto aliyelala ndani ya boksi la vifaranga. Sikujua kwamba hakuwa amelala.

Alipomaliza nikamwambia, "Ni nzuri. Ni nzuri sana, mwanangu."

Akaikunja. Akaniangalia kwa yale macho.

"Mama," akasema, "mbona unaniambia leo?"

Nilikuwa na majibu mengi, Kalamu, unanijua. Lakini mayai yalikuwa nje, yanapoa. Nikamwambia tuyarudishe kwanza. Tukayarudisha, yeye trei hii, mimi hii, tukafunga mlango wa mashine. Bado sijamjibu.

Dada yako